Tyubu ya bluu (gundi ya Hylomar ya kuzuia kuvuja) kwenye injini ya Land Rover 109: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Gari yangu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya silinda nne, cc 2286. Nimeifanyia ovaholi mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya lazima. Ya pili nilijitakia mwenyewe, kwa kukubali injini ifungwe kwa silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia maungio.

Fundi simtaji, maana injini anaijua na mpaka leo tunasalimiana vizuri. Alikuja na tyubu ya silikoni nyekundu akaimimina kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini), taimingi kava (kifuniko cha mbele cha injini), hadi pampu ya maji, michirizi minene kama dawa ya meno. "Bosi, hii ndiyo kiboko ya kuvuja." Na kweli, wiki tatu nzima chini ya gari palikuwa pakavu, jambo ambalo wenye Land Rover za zamani wanajua kwamba si la kawaida. Kisha taa ya oili ikaanza kupepesa kila nikisimama kwenye mataa injini ikiwa imepata moto. Tukabadilisha swichi ya presha, tukabadilisha oili, wapi!

Niliposhusha sampu nilikuta chujio la pampu ya oili limevaa sweta jekundu. Vipande vya silikoni, vingine virefu kama minyoo, vimeziba zaidi ya nusu ya wavu. Silikoni inayominywa nje unaiona, unaifuta kwa tambaa. Ile inayominywa kwa ndani huioni. Inakauka humohumo, inakatika, oili inaibeba. Beringi za kranki zilikuwa zimeshaanza kuonyesha shaba, yaani zimelika kwa kukosa oili.

Mara ya pili nilifunga injini mwenyewe, taratibu, jioni baada ya kazi, nikitumia Hylomar ya bluu ambayo ndugu yangu aliniletea kutoka Uingereza. Ni gundi iliyobuniwa kwa ajili ya injini za ndege za Rolls-Royce. Sifa yake kubwa ni kwamba haikauki ikawa ngumu: inabaki inanata miaka na miaka, na inavumilia joto hadi nyuzi 250 za Selsiasi. Ikizidi ikaingia ndani haigeuki kuwa kamba za kuziba chujio. Na siku ukitaka kufungua, kava linatoka bila bisibisi wala nyundo.

Upakaji wake ni wa kibahili. Paka kama siagi ya mgahawani, ile inayopita juu ya mkate ikiaga. Pande zote mbili, subiri kama dakika kumi hewa ya kemikali iishe na uso uwe wa kunata, ndipo ufunge. Lakini kabla ya hapo nilitumia siku mbili kukwangua gasketi za zamani (zile karatasi za kuziba katikati ya vyuma viwili) kwa wembe na kufuta kwa petroli, kwa sababu juu ya mafuta haishiki chochote. Vidole vilibaki vya bluu mpaka Jumapili. Kanisani nilikaa nimekunja ngumi.

Gasketi za karatasi (taimingi kava, pampu ya maji) zimekaa vizuri sana, sijaona hata jasho. Tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, lina gasketi ya koki (ile ya vizibo vya chupa); hapo nilipaka upande wa kava tu, upande wa hedi (kichwa cha injini) nikapaka grisi, ili siku ya kuseti tapeti, yaani ule mwanya wa vali wa inchi 0.010, niinue kava na koki yake bila kuichana. Hedi gasketi sikuipaka kitu. Hedi ilichongwa mashine, gasketi ikaingia kavu, boliti zikakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi futi-pauni 65 kuanzia katikati kwenda nje, nikarudia kukaza baada ya injini kutembea.

Pale ambapo tyubu imenishinda ni nyuma, na nisiifiche. Kifuniko cha beringi kubwa ya nyuma ya kranki kina sili (mipira ya kuzuia oili) mbili ndogo zenye umbo la T, zinaingizwa ubavuni huku na huku kifuniko kikisukumwa mahali pake. Kingo za bloki zikiwa kali zinazikata kama kisu. Dawa yake ni kuzipigia kingo hizo tupa kidogo kabla ya kufunga, na kuziacha sili zichomoze kiasi cha milimita 0.8 ili sampu izibane. Upande wa kulia nilifanya hivyo. Wa kushoto giza lilikuwa limeingia, nikajiambia gundi itanisaidia. Haikunisaidia. Oili inapita hapo inashukia kwenye nyumba ya klachi na kutokea kwenye lile tundu la chini, tone moja au mawili kwa usiku.

Kwa bei, hii imenigharimu zaidi ya mara tatu ya ile nyekundu, na tyubu moja imetosha injini nzima ikabaki robo. Ningeinunua tena kesho. Mwenye sampu ya bati iliyopinda ainyooshe kwanza, asitegemee gundi iwe matofali.

Taa ya oili imetulia tangu siku ile. Boksi la maharage nimelikunjua chini ya klachi, lina doa moja la ukubwa wa kisahani, na sina haraka ya kushusha gia boksi kwa ajili yake.