tmux: kikao kisichokufa mtandao unapokatika

Nafanya kazi Kirumba, jijini Mwanza, nikitumia seva iliyo mbali sana na ziwa. Kila mwisho wa mwezi huingiza kwenye hifadhidata takwimu za dagaa na sangara wanaoshushwa mialoni, kazi ya saa tatu au nne. Masika iliyopita mvua ilitushukia kutoka ziwani, umeme ukakatika, ruta ikazima, na niliporudi hewani nikakuta jedwali limejaa nusu tu. Muunganisho wa SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali kwa kuandika amri, unapokufa, programu inayopokea amri zako kule kwenye seva hupata ishara iitwayo SIGHUP, na kwa kawaida kazi ulizozianzisha humo hufa pamoja nayo.

Tangu siku ile natumia tmux, programu huria ya Nicholas Marriott iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2007, nami naipendekeza bila kusita. Kikao chako hubaki hai kwenye seva yenyewe, na kompyuta iliyo mbele yako huwa dirisha la kukichungulia tu. Naandika tmux new -s dagaa kufungua kikao nilichokiita dagaa, naanzisha kazi, nabonyeza Ctrl na b kwa pamoja, naachia, nabonyeza d, kisha nafunga kompyuta na kupanda daladala. Nikifika Nyegezi naandika tmux attach -t dagaa, na mistari ileile inajitokeza, hesabu ya rekodi ikiwa imesonga mbele kwa maelfu. Mara ya kwanza nilikaa nikizitazama namba zikipanda, chai ikapoa.

Amri ya nohup, inayoiacha kazi iendelee hata ukitoka, inatosha kwa kazi isiyouliza swali lolote katikati. Screen, programu ya mwaka 1987 inayofanana na tmux, nayo bado ni nzuri, na kwenye seva za zamani huenda ukaikuta hiyo tu.

Kinachonikera katika tmux ni kumbukumbu yake fupi: bila kubadilisha mipangilio hutunza mistari 2,000 tu, hivyo kosa lililotokea saa ya kwanza huwa limeshafutika unaporudi. Weka set -g history-limit 50000 kwenye .tmux.conf, faili la mipangilio ya tmux, kabla hujafungua kikao, kwa kuwa dirisha lililokwisha kufunguliwa hubaki na kikomo chake cha zamani. Seva ikizimwa na kuwashwa upya, vikao vyote hupotea. Aidha, muulize msimamizi wa seva kama KillUserProcesses, mpangilio wa kuua kazi za mtumiaji anapotoka, imewashwa kwenye systemd, programu inayosimamia huduma za seva nyingi za Linux, kwani ikiwa hivyo, tmux nayo huenda ikauawa mara tu unapotoka.