Wikivoyage mkononi, pasipoti ya Tanzania mezani: kupanga safari ya Livingstone bila wakala

Wakala mmoja wa safari hapa Mbeya alinitajia gharama ya kunipeleka mimi na mke wangu kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls) ya mto Zambezi, yaliyo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe karibu na mji wa Livingstone, na bei yake ilizidi mara tatu kiasi tulichokuwa tumejiwekea, yaani shilingi milioni moja na nusu kwa siku tisa. Hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa amejumuisha ndege na hoteli ambazo mwalimu wa sekondari hazihitaji ili afike huko. Niliamua kuipanga safari mwenyewe, na chombo nilichokitegemea kuliko vingine kilikuwa Wikivoyage, kitabu cha mwongozo wa safari kinachoandikwa na wasafiri wa kujitolea, kinachosomwa bure na kisicho na matangazo ya biashara. Kilianza mwaka 2006 kwa Kijerumani, na tangu Januari 2013 kimekuwa chini ya Wikimedia, taasisi ileile inayosimamia Wikipedia.

Uzuri wake wa kwanza ni mpangilio. Kila mji una ukurasa wake, na kila ukurasa unafuata mtiririko mmoja: namna ya kufika, namna ya kuzunguka, vya kuona, vya kufanya, mahali pa kula, mahali pa kulala, usalama, na mwishoni miji ya jirani unayoweza kuendelea nayo. Kurasa za miji mingi hupanga malazi na vyakula kwa madaraja, kuanzia nafuu hadi ghali, kwa hiyo mwenye mfuko mdogo hapotezi jioni nzima akisoma sifa za hoteli asizoweza kuzilipia. Nilisoma Tunduma, Lusaka na Livingstone kwa usiku mmoja, na kabla sijalala nilikuwa na mifupa ya safari nzima: Mbeya hadi Tunduma, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 100, kuvuka mpaka hadi Nakonde upande wa Zambia, basi la takriban kilomita 1,000 hadi Lusaka, kisha kilomita zipatazo 480 kushuka kusini hadi Livingstone, mji ulio umbali wa kilomita 10 hivi kutoka kwenye maporomoko yenyewe.

Sehemu iliyotufaa zaidi ni ile ya majira, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Maporomoko haya yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, lakini namba hizo hazimwambii msafiri atakachokiona, kwa kuwa Zambezi ni mto unaobadilika sana kati ya mwezi na mwezi. Maji hufikia kilele karibu na Aprili, na wakati huo mvuke huwa mzito kiasi kwamba mtu anaweza kusimama ukingoni, akalowa mpaka mifupani, na asiuone ukuta ulio mbele yake. Mnamo Oktoba na Novemba hali hugeuka, na sehemu kubwa ya mwamba wa upande wa Zambia hubaki kavu, ilhali upande wa Zimbabwe maji huendelea kumwagika mwaka mzima. Mtu anayekwenda Livingstone mwezi Novemba kwa sababu tu nauli imeshuka, tena bila kuvuka kwenda Zimbabwe, atatazama jiwe. Sisi tulichagua likizo ya Juni, wakati maji bado ni mengi na mvuke umeanza kupungua, na tukapanga siku za Livingstone ziangukie mwezi mpevu, kwa kuwa usiku wa namna hiyo hifadhi ya maporomoko hufunguliwa ili watu waone upinde wa mvua unaofanywa na mwanga wa mwezi. Mke wangu, ambaye alikuwa na mashaka na safari hii tangu mwanzo, alisimama mbele ya upinde ule mweupe kwa karibu nusu saa bila kusema neno.

Udhaifu wa Wikivoyage unaanzia pale linapoingia suala la pasipoti. Msafiri anayefikiriwa katika kurasa nyingi ni mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka Ulaya au Marekani. Ndiyo sababu maelezo marefu hutolewa kuhusu viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe inayoitwa KAZA, ya dola 50, wakati Mtanzania haihitaji, kwa kuwa anaingia nchi zote mbili bila viza. Niliposoma mara ya kwanza nilikuwa tayari nimeandika dola 100 kwenye daftari la bajeti kwa ajili yetu wawili, na laiti nisingethibitisha kwa Idara ya Uhamiaji ya Zambia, ambayo imechapisha orodha ya nchi zisizohitaji viza, pengine tungeuahirisha mpango wote. Kwa hiyo tumieni Wikivoyage kwa njia, majira na ramani; masuala ya viza yaulizwe kwa serikali ya nchi mnayokwenda. Gharama zetu za nyaraka zilikuwa za hapa nyumbani: pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka kumi.

Hali ni hiyohiyo kwenye viingilio. Upande wa Zimbabwe, hifadhi hutoza kwa madaraja matatu: raia, wageni kutoka nchi za ukanda wetu, na wageni wa kimataifa. Bei ya kwanza kukutana nayo katika miongozo ya Kiingereza ni ile ya mwisho, iliyo kubwa kuliko zote. Mtanzania ni mwana SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na anapaswa kuonyesha pasipoti dirishani kabla hajatoa fedha. Sisi tulifanya hivyo, tukatozwa bei ya ukanda, na tofauti yake ilitutosha kuvuka kwa miguu daraja la mwaka 1905 linaloziunganisha Zambia na Zimbabwe na kula chakula cha mchana cha heshima upande wa pili.

Jambo jingine la kuangalia ni tarehe. Maelezo mengi ya hoteli na mikahawa huwa na mwezi na mwaka yaliposahihishwa mara ya mwisho, yameandikwa kwa herufi ndogo mwishoni, na mimi mwanzoni sikuyajali. Nyumba ya wageni tuliyoichagua Lusaka kwa bei yake nzuri tulikuta imekuwa duka la vipuri vya magari. Maelezo yake yalikuwa ya miaka sita iliyopita. Tangu hapo niliweka kanuni kwamba taarifa iliyopita miaka miwili naipigia simu kwanza. Nauli za mabasi sikuzichukua kabisa kutoka mtandaoni, bali niliuliza kwa madereva wa malori wanaopita Mbeya kila siku kuelekea Lusaka, na hakuna mwongozo wowote ulioweza kuwashinda.

Kwa wenye shida ya bando, kitabu chote kinaweza kupakuliwa kwa programu ya Kiwix na kusomwa bila intaneti. Nilikipakua shuleni, na katika safari nzima sikununua laini ya simu ya Zambia hadi tulipofika Livingstone. Ramani zake zenye namba zinazoonyesha kila mahali palipotajwa zinasaidia, ila ili kuzitumia vizuri nje ya mtandao ni afadhali kuwa na programu ya ramani ya OsmAnd.

Lugha ni kikwazo ambacho siwezi kukinyamazia. Sikupata toleo la Kiswahili, na mzazi wangu, ambaye angependa sana kusafiri, hawezi kukitumia bila mtu wa kumsomea. Hata ndani ya Kiingereza, mpaka wa Tunduma unaelezwa kama mahali pa kupita haraka na kuwaogopa wabadilisha fedha wa barabarani. Tahadhari hiyo ni ya kweli, nasi tulibadilisha fedha benki. Hata hivyo, mwandishi wa namna hiyo hawezi kujua kwamba Nakonde utahudumiwa kwa Kiswahili, wala kwamba taratibu za uhamiaji za nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, wala jambo lililotugharimu siku ya kurudi: saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Tulifika Tunduma tukiamini ni saa kumi na moja alfajiri, na gari la saa kumi na mbili tulilokuwa tumelilipia nauli lilikuwa linatoka stendi.

Wikivoyage inamruhusu msomaji yeyote kuuhariri ukurasa. Siku ya pili baada ya kufika nyumbani nilifungua akaunti na kuandika habari ya saa hiyo katika ukurasa wa Tunduma.