Fundi wa Magobore wa Ngamiani: Hodari wa Mbao, Mwepesi Mno wa Msasa

Mwenye gobore la ukoo lililoliwa kitako na mchwa, akitaka litundikwe ukutani kwa heshima yake, ana sababu ya kwenda Ngamiani, hapa Tanga, kwa seremala mmoja ambaye mbali na vitanda na milango huchonga pia vitako vya bunduki za kale. Nilimpelekea gobore la gumegume, yaani la kuwasha baruti kwa cheche za jiwe, lililozibwa mtutu, na kabla hata ya kulishika aliuliza hati zake. Alifanya vyema, kwa kuwa gobore linaloweza kufyatua ni silaha mbele ya sheria na humilikiwa kwa leseni, hata likiwa kuukuu namna gani.

Kwenye mbao sina la kumkosoa. Alichagua mninga mkavu, ambao hautanuki wala kusinyaa sana unyevu wa hewa unapobadilika, akauchonga kwa kufuata mabaki ya kitako cha zamani. Kazi ngumu kuliko zote ni kuuchimbia mtambo, yaani vyuma vya kufyatulia, nafasi yake, maana ikiwa pana mtambo hucheza, na ikiwa finyu mbao hupasuka. Yeye hulipaka bamba la mtambo masizi ya kibatari, akalikandamiza kwenye mbao, akalitoa, kisha akakwangua kwa patasi pale tu palipoachwa weusi, na huendelea hivyo hadi weusi uenee sawasawa. Alipomaliza, ukucha haukupenya kati ya chuma na mbao. Mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, huingia na kutoka chini ya mtutu bila kukwama, na kitako kimesuguliwa kwa mafuta ya kitani badala ya vanishi, ambayo mimi siipendi kwenye bunduki.

Chuma ni habari nyingine, kwani kwa fundi huyu kila chenye rangi ya kutu ni uchafu. Gobore langu lina muhuri wa herufi ELG ndani ya umbo la yai, alama ya majaribio ya mitutu ya Liège, Ubelgiji, mji uliotengeneza bunduki nyingi za biashara zilizoletwa Afrika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, lakini ukaziachia nafasi zile za gumegume zenye mtutu laini ndani, usio na mifereji ya kuizungusha risasi. Kwa hiyo ziliendelea kuuzwa huku wakati Ulaya ilikwisha kuziacha zamani, na umbo la bunduki peke yake halitoshi kutaja umri wake. Muhuri husaidia: uliopigwa tangu 1893 una taji juu ya herufi, nao wangu hauna. Nilipokwenda kukagua kazi, msasa ulikuwa umekwisha kuila herufi ya kwanza, na rangi ya kahawia ya mtutu, inayojengwa na miaka mingi, ilikuwa imegeuka nyeupe kama sufuria mpya. Nilipomsimamisha hakubisha. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kutia kwenye mtambo skrubu ya kichwa cha msalaba, kitu ambacho hakikuwapo duniani gobore hilo lilipotengenezwa, nami nilimwomba airudishe ile ya zamani.

Nililipa shilingi 250,000 pamoja na mbao, na kwa kitako kile si ghali. Nitampelekea pia gobore langu la fataki, yaani la kuwashwa kwa kifuniko kidogo cha kulipuka badala ya jiwe, ila safari hii mihuri itafunikwa kwa utepe mgumu, na makubaliano ya kutogusa chuma kwa msasa yataandikwa kwenye risiti ya malipo ya awali.