Rory's Story Cubes ndani ya atelye ya ushonaji, Kadutu

Nafundisha wasichana kushona huku Kadutu, Bukavu. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tukishafagia vipande na kufunika mashini, tunakaa kwenye mkeka na dadu hizi. Ziko tisa, zina picha badala ya nukta, jumla picha 54. Aliyezibuni, Rory O'Connor wa Ireland ya Kaskazini, alianzia kwenye mchemraba wa Rubik, kile kichezeo cha kuzungusha chenye pande sita za miraba tisa tisa, ndipo hesabu hiyo ilipotoka. Hazina neno hata moja, kwa hiyo msichana aliyeacha shule mapema anazisoma sawasawa na mwenye diploma.

Ukitaka zisaidie kazi, usirushe zote. Tisa zinafaa kutunga hekaya. Sisi tunarusha mbili. Anayerusha anatazama picha zake na kusimulia jambo moja la juma hilo lililomfundisha kitu.

Juzi msichana mmoja aliangukiwa na picha ya ufunguo na ya kobe. Alikaa kimya, akimgeuzageuza kobe kiganjani, kisha akasema, "Mama, ningekwenda polepole kama huyu, kile kikwembe chenye picha za ndege kisingeharibika." Wenzake wakamuuliza alikikunja vipi. Akachukua kipande kilichobaki, akakikunja mbele yetu kutoka juu kwenda chini, akafunua pembe. Ndege wa tabaka la juu wamesimama, wa chini wako vichwa chini. "Basi ufunguo ndio huu," akasema, na akawaonyesha wengine jinsi ya kukata kila tabaka peke yake. Jambo hilo ni la somo la kwanza la kukata, nalirudia kila mara. Lakini fundi akilisema, mwanafunzi anasikia lawama. Akiwa na dadu mkononi, anamsema kobe, haya inapungua, na wengine wanapata nafasi ya kuuliza.

Picha ya sumaku nayo tunaipenda sana, maana sumaku ndiyo tunayookotea pini sakafuni.

Mmarekani David Kolb alieleza mwaka 1984 kwamba mtu hujifunza kwa hatua nne: anapitia jambo, analitazama upya, anatoa wazo, anajaribu tena. Kwangu dadu zina nguvu kwenye hatua ya pili. Ya nne inataka mkasi na kitambaa. Ndiyo maana kila msimulizi anasema atajaribu nini Jumatatu, nami nampa kipande cha kujaribia. Bila hilo, naona ni mchezo mzuri tu wa kupitisha saa.

Kwa bei, si za kila mfuko, na sokoni kwetu sijazikuta; zangu zilibebwa na ndugu kutoka Nairobi. Asiye na mtu wa kumtuma amwombe seremala vipande sita vya mbao vilivyopigwa msasa, achore kwa kalamu ya wino mzito: pasi, uzi uliokatika, mteja, mizani. Tunavyo, na vinafanya kazi. Ila nikipata pesa nitaagiza toleo la Actions, lenye picha za vitendo, kwa sababu wasichana wangu wanasimulia vizuri zaidi mkono unaofanya kitu.