Ukarabati wa barabara ya nyuma ya soko: nyota mbili, moja ni ya dereva wa greda

Nina duka la vifaa vya ujenzi katika mji mdogo kando ya barabara kuu ya Kisumu–Kakamega. Duka liko nyuma ya soko, na huduma ninayoipima hapa ni ukarabati wa barabara hiyo ya nyuma uliofanywa kabla ya masika. Sisi wateja tulilipa zamani, kwa hivyo tuna haki ya kusema.

Greda lilikuja likakwangua, malori yakamwaga murram safi, na dereva akaisawazisha kwa ustadi hadi nikamwagizia chai. Mambo yakaishia hapo. Rola la kushindilia halikuletwa. Mtaro haukuchimbwa, na kalvati iliyoziba karibu na kinu cha kusagia mahindi ikaachwa vilevile. Huku kwetu mvua ikishaanza, alasiri ni yake. Murram yote ilisombwa hadi kwenye vibanda vya kina mama mboga. Sasa lori la simiti halikubali kuingia. Linashusha mzigo barabara kuu, nami namlipa wa mkokoteni kwa kila mfuko. Pesa hizo naziongeza kwenye bei, msininunie.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sijui nimdai nani. Leseni ya biashara nalipa kila mwaka. Mama mboga anatoa ushuru wa soko kila siku. Mtu wa bodaboda akitia petroli, shilingi 25 za kila lita ni ushuru wa kutunza barabara; zilikuwa 18 kabla ya Julai 2024. Mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani ili wakandarasi wanaodai serikali walipwe. Ukiuliza ofisini kwetu leseni yako imeziba shimo gani, unaambiwa pesa zote huingia mfuko mmoja. Hapo mazungumzo yameisha.

Shemeji yangu yuko Texas, Marekani. Huko, mji mdogo unaweza kuwauliza wakazi kwa kura kama wanakubali kuongeza kodi ya mauzo kwa robo ya asilimia moja ili barabara zao zirekebishwe. Pesa hizo ni za kutunza na kukarabati barabara za mji zilizopo. Kufungua mpya hairuhusiwi. Muda ukiisha, wakuu wa mji wanarudi kwa wapiga kura, na wakikataliwa kodi inakufa. Unga na mboga za kupika nyumbani hazitozwi. Nikapiga hesabu: mteja akinunua mabati ya shilingi 10,000 kwangu, robo hiyo ni shilingi 25. Yaani kile kile tunachotoa kwa lita moja ya petroli! Ningekusanya bila kulalamika.

Kuileta hapa ilivyo ni kazi. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya kimeiachia serikali ya kitaifa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na kaunti ina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Kingine lazima Bunge liruhusu. Halafu kodi ya mauzo hukaa pale mtu anaponunua. Watu wetu wakitaka friji au sofa hushuka Kisumu, kwa hivyo Kisumu ingeshiba na sisi tungebaki na robo ya misumari. Na nusu ya soko huuza bila risiti.

Mimi ningechukua yale masharti ya Texas tu, niyabandike kwenye ada tunazolipa tayari: pesa za leseni za mtaa huu zitengewe barabara yake, kiasi kiandikwe ubaoni pale sokoni, na ikipita miaka kadhaa bila mtaro, ada ishuke. Mheshimiwa wetu wa wadi nimemwambia hivyo ana kwa ana. Alicheka, akanunua kufuli.

Ukija dukani, acha gari kwenye kituo cha petroli na uje kwa miguu. Vaa gambuti. Mzigo tutakuletea kwa mkokoteni, ila nauli ni yako.