Mihadhara, maonesho na siku za ajira Mlimani: tathmini ya msikilizaji wa nje

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kusikiliza hoja nzito bila kulipa kiingilio hana mahali pengi pa kwenda, na kati ya hapo pachache, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani ndipo ninapopaweka juu. Nimekuwa nikihudhuria shughuli za vyuo vya jiji hili kama mtu wa nje, si mwanafunzi wala mhadhiri, na mizani ninayotumia ni moja tu: hadhira inapewa nafasi gani zaidi ya kukaa na kupiga makofi.

Kwa mizani hiyo, mhadhara wa wazi unaofanyika katika Ukumbi wa Nkrumah unaanza na mtaji ambao kumbi nyingi za kukodi mjini hazina. Paa lake lilijulikana hata kwa wasiowahi kufika chuoni, kwa kuwa lilichapishwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, kabla ya sarafu kuchukua nafasi ya noti hiyo. Lakini paa pekee halileti watu. Chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kilikua katika miaka ambayo mabishano ya hadharani yalikuwa sehemu ya masomo yenyewe. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo, na wanafunzi wa wakati ule hawakusubiri mtaala uwaruhusu kujadili ukombozi wa Afrika. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, yaani kiti cha uprofesa kinachoshughulikia fikra za umoja wa Waafrika, kilichoanzishwa mwaka 2008 kikiwa chini ya Profesa Issa Shivji, kilifufua desturi hiyo kwa makusudi, na katika tamasha lake la mwaka 2009 mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alikuja kuzungumza. Kigoda hicho kilimweka mwanataaluma jukwaa moja na mshairi, na kikamwalika mwananchi wa kawaida bila kumdai kitambulisho cha elimu. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo ambacho mihadhara mingine yote ya jiji inapaswa kupimwa nacho.

Kipimo hicho ni kigumu kukifikia, na adui wake mkubwa ni itifaki. Msomaji yeyote aliyewahi kuhudhuria kongamano katika nchi hii anamfahamu mzungumzaji anayetamka kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaendelea kuwataja waheshimiwa mmoja baada ya mwingine kana kwamba hakusema lolote. Kila dakika inayotumika hapo hukatwa kwenye muda wa maswali, kwa sababu chakula kina saa yake na mgeni rasmi ana safari yake. Yanapofika maswali, mwenyekiti mwenye haraka huyakusanya matano kwa mkupuo, na mtoa mada, ambaye ni binadamu, hujibu mawili yaliyo mepesi na kuyashukuru matatu yaliyosalia. Mwenyekiti mzuri hupokea swali moja, husubiri jibu, na humruhusu muulizaji kurudi mara ya pili endapo jibu limemkwepa. Nimeona namna zote mbili katika kumbi mbalimbali jijini, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya mtoa mada mashuhuri na asiyejulikana. Kwa hiyo, tangazo linapotoka, mimi huangalia kwanza ni nani anayeongoza kikao na iwapo kuna wachangia mada walioteuliwa kumpinga mzungumzaji, ndipo nisome jina la mzungumzaji mwenyewe.

Suala la lugha linastahili kutajwa. Mihadhara mingi husomwa kwa Kiingereza, kisha maswali yakaja kwa Kiswahili, na hapo ndipo ukumbi unapochangamka, kwani wastaafu waliokaa viti vya mbele huanza kusimulia mambo waliyoyatenda wenyewe, na vijana wa nyuma huwadai ushahidi. Mtoa mada anayekubali kuhama lugha pamoja nao hupata mhadhara wa pili ulio bora kuliko ule aliouandika. Anayeng'ang'ania kusoma karatasi yake hadi ukurasa wa mwisho hupoteza ukumbi mapema, hata kama hakuna anayetoka.

Maonesho ya muziki na ushairi ya wanafunzi wa sanaa nayaweka katika nafasi ya pili, nayo hayanihitaji maneno mengi. Faida yake ni kwamba darasa moja huwa na vijana kutoka pembe zote za nchi, hivyo jioni moja unaweza kusikia zeze na marimba, kisha shairi la mizani kamili likighaniwa kwa mahadhi ya pwani, kisha kijana akasimama na shairi huru ambalo wazee hulipokea kwa mashaka. Kasoro ya kawaida ni vipaza sauti, ambavyo huwekwa kwa ukubwa wa harusi na kumeza ala zilizoundwa kusikika chini ya mti bila umeme. Heri sauti ndogo inayosikika vyema.

Siku za ajira ndizo zinazonipa shida. Niliyoihudhuria katika chuo kimoja jijini ilikuwa na mabanda mazuri, muziki, mifuko ya kitambaa na kalamu za bure, na wahitimu watarajiwa waliovaa suti katika joto la mchana wakiwa wamebeba bahasha za nakala za vyeti. Katika banda baada ya banda, jibu lilikuwa lile lile, kwamba mwombaji afuatilie tovuti ya kampuni. Afisa aliyetumwa kukaa bandani kwa kawaida hana mamlaka ya kuajiri. Na kwa upande wa serikali, nafasi hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambao haupokei bahasha ya mtu yeyote mkononi. Waandaaji wanalijua hilo, na walipaswa kumwambia kijana mapema asitumie fedha zake kudurufu vyeti.

Hata hivyo, siku ile haikuwa hasara tupu. Pembeni, mbali na spika, palikuwa na meza isiyo na bango ambapo mama mmoja mwenye uzoefu wa rasilimaliwatu alikuwa akisoma wasifu wa kila kijana kwa kalamu nyekundu. Alifuta sentensi za kujisifu na kuuliza, "Mwanangu, mafunzo kwa vitendo ulifanya nini hasa, kila siku asubuhi ukifika?" Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya banda lolote, na waandaaji wangeweza kujifunza jambo kwa kuitazama tu. Meza kumi za namna hiyo, bila muziki, zingetosha kuwa siku nzima ya ajira, na zingegharimu kidogo kuliko mahema.

Kwa anayetaka kwenda Mlimani, ukitoka Mwenge au kituo cha Mawasiliano, barabara ya Sam Nujoma inakufikisha karibu, na ndani ya kampasi ni afadhali kufika mapema, kwani eneo ni kubwa, lina vilima, na tumbili wake hawaogopi mfuko wenye chakula. Kaa karibu na njia ya katikati, kwa kuwa ndiko kipaza sauti cha maswali kinakopita. Andika swali lako kabla, liwe moja na lisizidi sentensi mbili, usianze kwa kusimulia historia yako, na ukishajibiwa nusu, omba kipaza sauti kirudishwe.