Epoksi ya maboti na gundi ya silikoni: uzoefu wangu wa kujenga paludariamu nyumbani

Sebuleni kwangu Tabata pana sanduku la plaiwudi lenye kioo upande wa mbele. Theluthi yake ya chini ni maji wanamoogelea samaki wadogo waitwao gapi, na sehemu iliyobaki juu ni nchi kavu ya mawe, makumbi ya nazi na mimea, makao ya vyura wadogo wa matete. Tangi la namna hiyo, nusu maji nusu nchi kavu, huitwa paludariamu. Nimelijenga mara mbili kwa sababu la kwanza liliharibika, na hapa naeleza jinsi zilivyofanya kazi bidhaa mbili nilizozitegemea kuzuia maji: gundi ya silikoni, na epoksi ya makopo mawili wanayotumia mafundi wa maboti.

Sanduku lilitengenezwa Keko kwa plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 90, upana 45 na kimo 60. Maji yakifika sentimita 20 huwa lita 81, yaani kilo 81 zinazolemea sakafu, kioo na maungio usiku na mchana. Mara ya kwanza nilifuata ushauri wa muuza duka mmoja wa Kariakoo: "Kaka, paka rangi ya mafuta, kona piga silikoni, umemaliza." Silikoni ile haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kuitwika kazi isiyo yake. Hushika kioo vizuri sana, lakini ikiwekwa juu ya rangi hushika rangi tu, na rangi ikibanduka nayo hubanduka. Kabla mwezi haujaisha, kingo za plaiwudi zilikuwa zimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na matabaka yake yakaanza kuachana. Isitoshe, nilikuwa nimenunua silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia kuvu, jambo lililoandikwa wazi kwenye lebo ambayo sikuisoma. Gapi sita walikufa ndani ya siku mbili.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja, fundi wa mashua huko Kunduchi. Mashua hukalafatiwa, yaani maungio yake huzibwa, kwa pamba, na mbao zake huachwa zinywe maji ili zivimbe na kubana maungio. "Plaiwudi si mbao ya mashua, mwanangu," aliniambia. "Hiyo ikinywa, imekufa." Ndipo nilipohamia kwenye epoksi.

Epoksi huja kama resini na kigumishi, vya kuchanganywa kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na uwiano huo haubahatishwi. Nilinunua mizani ya jikoni kwa kazi hiyo pekee. Joto la Dar es Salaam linaibadili tabia. Mchanganyiko mwingi ukikaa kwenye chombo chembamba hujipasha moto wenyewe, na kikombe changu cha kwanza kilifuka moshi na kuganda kabla sijamaliza ukuta mmoja. Tangu hapo nikawa nachanganya kidogo kidogo, naumimina kwenye sinia ili joto litawanyike, na kupaka alfajiri. Kona nilizijaza kwanza kwa epoksi iliyokorogwa na vumbi la msumeno, nikazilainisha kwa mgongo wa kijiko, kisha nikalaza juu yake vipande vya kitambaa cha faibaglasi. Yakafuata matabaka matatu. Unyevu wa pwani huweza kuacha utando wa mafutamafuta juu ya tabaka lililokauka, na utando huo usipooshwa kwa maji na sabuni, kisha tabaka likapigwa msasa, linalofuata halishiki. Maelekezo ya kopo langu hayakulitaja jambo hilo hata kwa neno moja.

Nilipaka mpaka ukingo wa juu kabisa, kwa kuwa vyura wanahitaji manyunyu na manyunyu hulowanisha kuta zote. (Wazo la pampu ndogo ya kunyunyiza nilitolewa na habari za vyura wa korongo la Mto Kihansi, ambao manyunyu ya maporomoko yalipopungua baada ya bwawa la umeme kujengwa, walitegewa mabomba ya kunyunyiza kule korongoni. Hao, bila shaka, si wa kufugwa sebuleni.)

Silikoni nayo ilirudi, safari hii ikiwa isiyo na dawa, ile inayonuka siki inapokauka, na kazi yake ikawa kuunganisha kioo na fremu iliyokwisha kupakwa epoksi, kupigwa msasa na kufutwa kwa spiriti. Hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, hivyo hali ya hewa yetu inaifaa. Hata hivyo nilisubiri wiki nzima, hadi harufu ilipoisha. Kisha nilitandaza magazeti chini ya tangi, nikalijaza na kuliacha siku tano. Magazeti yalibaki makavu. Maji hayo niliyamwaga yote, maana chura hunywa kwa ngozi yake.

Epoksi ilinigharimu kuliko sanduku lenyewe, na bado ningeinunua tena. Dosari iliyopo sasa nimeisababisha mimi: jiwe nililoegemeza ukutani bila kuliwekea kitambaa liliikwaruza epoksi hadi kwenye mbao, karibu sentimita 18 kutoka chini. Maji nimeyashusha hadi 15, na mkwaruzo nitaupaka upya kipupwe kitakapoingia.